Pijo la Samawati Limeingia Ukungu

Upande wa Langoni, pale kichochoro kinapojipinda kabla ya kuteremkia baharini, pana benchi la mbao ambalo watu wa mtaa huliita Stendi. Gari halijawahi kusimama hapo, wala halitasimama, maana punda wawili wakikutana mmoja hana budi kurudi kinyumenyume. Jina hilo lililetwa na Uthman, aliyeendesha magari ya abiria Mombasa na Malindi mpaka magoti yakamgomea, akarudi kwao Amu, kisiwani Lamu, kukaa. Anayekaa naye ni Fadhil, muuza kahawa, ambaye kwa mwendo wake wamemwita Kasa, na Shukri, aitwaye Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Wa nne ni Mwalimu Ndirangu, mtu wa Nyeri, mwalimu wa kemia, aliyepanga chumba ghorofani juu ya benchi na kukigeuza karakana ya magari ya plastiki, yale madogo yanayoenea kiganjani, ambayo huyaunga kipande kwa kipande na kuyapaka rangi kwa brashi ya upepo. Kwa harufu ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, inayoshuka dirishani mwake, wamemwita Thina. Jumamosi hiyo asubuhi kahawa ilikuwa imeshazunguka mara moja Thina aliposhuka ngazi, amebeba sinia kwa mikono miwili, na uso wake ni uso wa mtu anayepeleka habari za msiba.

— Bwana Uthman, akasema, kwanza usikasirike.

— Mtu akianza hivyo mimi nimeshakasirika, Uthman akajibu. Weka hapa.

Juu ya sinia palikuwa na gari dogo la plastiki, Pijo 504, lile refu la nyuma, madirisha yake yamezibwa kwa utepe wa karatasi ili rangi isiingie ndani. Jana Uthman aliliona likiwa samawati, samawati yenyewe hasa, akashika kifua. Leo juu ya ile samawati kulikuwa kumeshuka kitu cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji, kuanzia boneti hadi paani.

Shukri akainama, akalitazama huku na huku.

— La haula! Gari limepata mtoto wa jicho.

Hakucheka mtu. Shukri mwenyewe alitamani neno lile alirudishe kinywani, kwa sababu Stendi nzima ilijua gari hilo linapakwa rangi kwa ajili ya nani.

Uthman alikuwa na kaka, Sadiq, na wao wawili walikuwa na Pijo moja. Mmoja akiendesha alfajiri, mwingine alasiri, na Ijumaa waliliosha pamoja kwa sabuni ya unga mpaka likang'aa kama limetoka melini. Ikawa Uthman akalazwa Malindi, tumbo likapasuliwa, akakaa huko mpaka wauguzi wakamzoea. Alipotoka alimkuta Sadiq mlangoni peke yake, hana ufunguo mkononi. Gari ameliuza. Hakumwambia, hakumuuliza. Ameliuza, na amenunua shamba la minazi Siyu, na sehemu ya Uthman imo humo humo kwenye minazi. Uthman alimwambia kaka yake kwamba yeye si popo, hakai minazini, na kwamba maji ya nyumba yake hatayanywa tena. Akayashika maneno hayo miaka na miaka. Walikutana kwenye mazishi ya mama yao, wakashika jeneza pande mbili, na hawakusemezana.

Kisha mwezi uliopita akasikia kwamba mato ya Sadiq yameingia giza, hawezi kuijua sura ya mtu mpaka aongee, na kwamba atakuja Amu kupasuliwa. Siku hiyo Uthman alipandisha ngazi za Thina kwa magoti yake yale yale, akamwonyesha Pijo jeupe lililokuwa rafuni, akamwambia: hili nipakie rangi yetu.

Hakusema zaidi. Alichotaka ni kwamba Sadiq akifunguliwa jicho, aone lile gari linavyong'aa. Baada ya hapo angemwambia nini, Uthman hakujua. Alikuwa akilitegemea gari liseme.

Na sasa gari lenyewe limefanya ukungu.

— Nani amefanya hivi? akauliza.

— Ni laka, Thina akasema. Rangi haina shida. Hii ni ile laka ya juu, ile haina rangi, ya kung'arisha. Nimeipiga jana jioni, mara mbili, nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi naamka, naona hivi.

— Laka umeinunua wapi? Shukri akauliza, na macho yake yakaanza kuwaka. Kwenye duka la mtu anayesifiwa sana?

— Ilitoka Nairobi. Duka nzuri, kila mtu anaisifu.

— Basi kesi imekwisha! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wamekutilia maji kwenye laka.

— Redio, laka na maji hazichanganyiki. Ungeona zimejitenga kwa chupa.

— Umeshadanganywa na mgema, hutaki kusikia.

Fadhil alikuwa akimimina kahawa, na alipokuwa akimimina hakuna aliyeweza kumharakisha. Alimaliza kikombe cha mwisho, akaliweka dele la kahawa chini, akaufuta mdomo wa dele kwa kitambaa.

— Si maji, akasema. Ni ugeni. Jogoo la shamba haliwiki mjini. Laka hiyo imezaliwa Nairobi, kwenye baridi, imezoea sweta. Umeileta Amu, imekutana na chumvi ya bahari, imeshtuka. Hata wewe Mwalimu ulipokuja mwaka wa kwanza, ulipauka hivyo hivyo.

— Mimi sikupauka.

— Ulipauka. Tuliulizana kama una maradhi.

— Kasa, Uthman akasema, vanishi ya milango ya Amu nzima inatoka bara. Mbona milango haina ukungu?

Fadhil akafikiri. Alifikiri mpaka kahawa ya Uthman ikapoa.

— Milango ina umri, akasema hatimaye. Ina subira.

— Hii ni husda, Shukri akasema, akijipiga paja. Jambo li wazi kama yua. Gari lilikuwa zuri, mtu akaliona, hakusema Mashaallah. Nani aliliona jana?

— Mimi, akasema Uthman.

— Ulisema Mashaallah?

— Nilisema.

— Kasa?

— Nilisema mara tatu.

— Sasa nani amebaki?

Wote watatu wakamtazama Shukri.

— Ulisema nini wewe? Uthman akamuuliza.

— Nilisema... nilisema "Lo!" Lakini "lo" yangu ilikuwa ya kheri!

— Basi lisemee sasa.

Shukri akaliinamia gari, akalisemea Mashaallah polepole, kwa herufi zote, akapuliza boneti. Wakangoja. Ukungu ukabaki pale pale, na sasa ukawa na tone la mate.

— Usiguse! Thina akaruka. Hata usipumue karibu!

— Ee! Fadhil akainua kidole. Umesema kitu, Mwalimu. Pumzi. Punda wa Bi Saadiya hufungwa wapi jioni?

— Chini ya dirisha langu.

— Na pumzi ya punda ina nini? Mvuke. Unatoka puani, unapanda, unaingia dirishani, unatua juu ya gari. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Na si bahati mbaya! Shukri akadakia, maana hakuweza kumwachia Kasa nadharia nzuri kama ile. Punda wana akili. Wamesikia Amu kunatengenezwa gari. Gari likija, wao watakwenda wapi? Wamekaa, wameshauriana, wakamtuma mmoja.

— Redio, Uthman akasema, gari lenyewe linaenea kiganjani.

— Hata mbuyu ulianza kama mchicha!

Hapo Thina alicheka, na Uthman naye akacheka kidogo, kicheko kilichotoka bila kuombwa. Shukri aliposikia wenzake wanacheka, akaona mambo yamerudi sawa, akaongeza moja zaidi, kama kawaida yake.

— Au ni gari lenyewe limekasirika. Liliuzwa bila kuulizwa. Sasa anayelipakisha rangi ni nani? Ni yule aliyekataa hata...

Akanyamaza. Alikuwa amechelewa.

Uthman alitazama kikombe chake. Alijua Shukri hakukusudia. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na lilikuta nafasi yake tayari, kwa sababu ni jambo ambalo amekuwa akijiuliza mwenyewe. Sadiq yuko hospitali, mwendo wa dakika chache kwa mguu wa mzee, tangu juzi. Watu wa mtaa wamekwenda kumwona na machungwa. Yeye amekwenda mpaka kona ya duka la dawa, akarudi.

— Liondoe, Mwalimu, akasema. Ulitupe. Kilichoharibika kimeharibika.

— Haijaharibika, Thina akasema. Sikizeni mimi sasa, tafadhali. Mmeongea, mimi nimenyamaza. Laka inakauka haraka sana. Ikikauka inanyonya joto, plastiki inakuwa baridi. Mmeona glasi ya maji baridi ya ukwaju, vile inatoa jasho nje? Ndiyo hiyo. Hewa ya jana jioni ilikuwa imelowa, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Maji ya hewa ikatua juu ya laka, laka ikafunga, maji ikabaki ndani. Huo weupe ni maji.

— Nilisema maji! Shukri akapaza sauti.

— Ulisema duka.

— Na mimi nilisema mvuke, Fadhil akanong'ona, akiwa ameridhika.

— Na kwa nini ulipiga jioni baada ya mvua, nawe unajua haya yote? Uthman akamuuliza.

Thina akasita, akatazama viatu vyake.

— Bwana Uthman, ni wewe ulikuwa hapa chini ukiita. "Mwalimu, bado? Mwalimu, bado?" Nikaona aibu.

Uthman akakizungusha kikombe chake. Ni kweli aliita. Aliita mpaka majirani wakafungua madirisha.

Wakati huo Raihana, binti wa Sadiq, akatokea kichochoroni akipita haraka, buibui limeshika upepo na mkononi ana chupa ya chai ya hospitali. Alipomwona Uthman akasimama, akamwamkia kwa adabu.

— Shikamoo ami.

— Marahaba mwanangu. Vipi hali ya baba yako?

— Alhamdulillahi. Wanamfungua jicho leo, baada ya adhuhuri. Tukitoka hapo twenda moja kwa moja jeti, boti ya Siyu inaondoka na maji ya alasiri. Hataki kulala hapa hata siku moja zaidi.

— Leo?

— Leo, ami.

Akaliona sinia, akaliona gari. Alikuwa mtoto mchanga Pijo lilipouzwa, lakini picha yake ilikuwa ukutani kwao Siyu, na rangi ile aliijua.

— Ni lile? akauliza taratibu.

— Lilikuwa lile, Uthman akasema. Raihana, ukimtoa huko, mpitishe ndia hii.

— Akijua hatakubali.

— Usimwambie.

Raihana akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na hapo akafanana na nyanya yake.

— Mimi ndiye nitakayemshika mkono, akasema. Atakwenda ninakompeleka.

Akaenda zake. Wanaume wanne wakabaki wanatazamana.

— Mwalimu, Uthman akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Kuna dawa?

— Kuna thina ya polepole. Ni nzito kidogo, inachelewa kukauka. Nikiipuliza juu kama umande, inalainisha ile laka, maji inapata njia ya kutoka. Lakini iko kidogo sana kwa chupa. Na nikizidisha, inakula laka, inakula rangi, inafika plastiki. Hatuna rangi ingine ya hiyo samawati. Ni mara moja tu.

— Na hewa?

Thina akatazama juu, kwenye kipande cha anga kilichobanwa katikati ya nyumba. Jua lilikuwa limeanza kuingia kichochoroni na kuta zilikuwa zinakauka.

— Tungoje jua liwe juu kabisa. Hapo hewa itakuwa kavu kuliko saa hii.

— Nitaleta jiko la makaa, Fadhil akasema akiinuka, na ilikuwa mara ya kwanza mtaa ule kumwona akiinuka haraka. Tukaushe chumba kabisa.

— Wewe! Thina akamshika kanzu. Thina na moto? Watatuokota kwa ufagio! Ukitaka kusaidia, mwondoe yule punda.

Basi Kasa akaenda kumwondoa punda wa Bi Saadiya, na hilo peke yake lilichukua muda mrefu, maana wote wawili walikuwa wa mwendo mmoja.

Jua lilipofika utosini walipanda ngazi. Chumba cha Thina kilikuwa na kitanda kimoja na magari mengi. Mezani palikuwa na kompresa ndogo iliyokohoa kila ilipovuta pumzi, mpira mwembamba, na brashi yenyewe, kitu cha chuma kama kalamu nono yenye kikombe mgongoni. Thina akaweka kitambaa puani. Akamimina ile thina kwenye kikombe, tone kwa tone, mpaka chupa ikawa tupu. Akajaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki kilichovunjika, akakitazama dirishani, akatikisa kichwa, akapunguza upepo.

— Sasa mtu asiongee, akasema, akimtazama Shukri.

Shukri akaziba mdomo kwa mkono.

Uthman alisimama karibu na mlango. Alikuwa ameona injini zikifunguliwa barabarani na tumbo lake mwenyewe likishonwa, lakini hakumbuki kama aliwahi kuogopa namna ile. Brashi ikapita juu ya boneti kutoka mbali, mara moja, haikurudi. Hakuna kilichotokea. Ikapita paani. Ikapita ubavuni. Gari likaanza kulowa, na ule weupe ukawa vile vile, na moyo wa Uthman ukashuka ngazi kabla ya miguu.

Kisha pembeni mwa boneti samawati ikajitokeza. Kwanza kidogo kama ukucha, halafu ikaenda ikifunguka, kama kioo kinapoachwa na pumzi ya mtu. Weupe ukarudi nyuma, ukarudi nyuma, ukabaki mstari mmoja karibu na kioo cha mbele, ukang'ang'ania, Thina akaupulizia nusu pumzi, ukayeyuka. Akazima kompresa.

Halafu Shukri akaondoa mkono mdomoni na kusema Mashaallah kwa sauti kubwa kiasi kwamba mtu wa nyumba ya pili akaitikia.

Uthman aligeukia ukuta, akajifanya anatafuta viatu vyake.

Walishuka. Laka ilikuwa imeshakuwa ngumu kwa kugusa, na Thina akaliweka sinia benchini kivulini. Fadhil akachemsha kahawa nyingine. Walisali kwa zamu ili gari lisiachwe peke yake. Uthman alitengeneza maneno kichwani, akayavunja, akayatengeneza tena. Alipanga kuanza na pole. Kisha akaona aanze na habari za minazi. Kisha akaona asiseme kitu.

Waliwasikia kabla ya kuwaona. Fimbo iligonga ukuta, na sauti ya Sadiq ikasema:

— Raihana, hii si ndia ya jeti. Mato yamefunguka, usidhani bado ni kipofu.

— Ni njia ya mkato, baba.

— Mkato gani unazunguka?

Akajipinda na kichochoro, akatokea: mzee mrefu, miwani myeusi usoni, mkono mmoja kwa binti yake. Akasimama. Uthman naye akasimama.

— Assalamu alaykum, Sadiq akasema, kwa benchi zima.

— Wa alaykumu salaam, benchi zima likajibu, na sauti ya Uthman ilikuwa ya mwisho.

Maneno yote aliyoyapanga yalimtoka Uthman. Akainama, akalichukua lile sinia, akalinyanyua mbele ya kaka yake kwa mikono miwili, kama mtu anayekaribisha chakula. Thina akakumbuka ule utepe wa karatasi, akanyoosha mkono kwa haraka, akaubandua dirisha moja baada ya jingine, ukatoka ukilia.

Sadiq akavua miwani. Jicho moja lilikuwa jekundu na linalengalenga machozi ya dawa. Akaliinamia gari mpaka pua yake ikakaribia boneti.

— Naona waya za umeme, akasema. Humu ndani ya rangi. Waya za umeme zilizoko juu ya kitwa changu naziona humu.

— Ni laka, akasema Thina taratibu.

— Hata sisi hatukuwahi kuling'arisha hivi.

Akalizunguka sinia. Akatazama taa, akatazama mkia, akatabasamu mahali fulani karibu na gurudumu la nyuma. Kisha Sadiq akafumba jicho bovu, akaliweka lile jipya kwenye dirisha la mbele, akachungulia ndani. Tabasamu likaondoka. Akachungulia upande wa pili. Akainuka.

— Uthman.

Lilikuwa ni jina lake, kwa sauti ile, baada ya miaka yote.

— Naam, kaka.

— Mbona usukani uko kushoto, na wetu ulikuwa kulia?

Uthman akachungulia. Usukani ulikuwa kushoto. Fadhil akachungulia, akainuka polepole kuliko alivyoinama. Shukri akachungulia, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakikutoka kitu. Thina aliyeliunga gari lile kwa mikono yake, kipande kwa kipande, akasema, "Hiyo... nafikiri huko kiwandani kwao...", akaishia hapo. Macho yote yakamrudia Uthman, dereva, aliyezeeka nyuma ya usukani wa Pijo hilo hilo, na Uthman akatazama kaka yake, kisha akatazama usukani.

Sadiq akakunja kanzu, akamsukuma Shukri kidogo kwa kiuno, akaketi benchini.

— Baba, Raihana akasema, boti.

— Boti na ingoje, Sadiq akasema, akinyoosha mkono kupokea kikombe cha Fadhil. Nimeuliza swali, nangojea jibu.